Mawingu ya Kericho Hayana Hatia

Stima inapopotea Sosiot jioni, na mara nyingi hupotea na ngurumo ya kwanza, nyumba zenye paneli juu ya mabati huwaka saa moja, saa mbili hivi, kisha nazo huingia gizani kama za majirani. Kesho yake hukumu inatolewa. Inatolewa dukani, kwenye kituo cha kupimia majani chai, na nje ya kanisa baada ya ibada: sola si ya huku kwetu. Huku ni mvua na mawingu. Sola ni ya Turkana na Garissa, kule jua linakopasua mawe. Anayejiona mjuzi zaidi huongeza kwamba betri za siku hizi ni feki, kwa hiyo dawa ni kununua nyingine, tena kubwa kuliko ile ya kwanza.

Nimeisikia hukumu hii kutoka kwa wakulima, kwa walimu na, la kusikitisha zaidi, kwa mafundi wanaolipwa ili wajue. Ninaipinga. Mawingu yapo, na betri feki zipo pia, sitawakana walioziona. Lakini nyumba inapozimika, hao si washukiwa wa kwanza. Betri inazimika kwa sababu haikujazwa. Haikujazwa kwa sababu ya hesabu, waya na mipangilio ya mashine, vitu vitatu ambavyo binadamu ameviweka kwa mkono wake na anaweza kuviondoa kwa mkono huo huo. Betri ina njaa, nasi tunaitangazia matanga.

Tuanze na mawingu, kwa kuwa ndiyo yanayosingiziwa zaidi. Upande wa Bomet, katika shamba la chai la Changoi la kampuni ya Williamson Tea, kuliwekwa mwaka 2014 mtambo wa sola wa takriban megawati 1. Kampuni ya chai haiweki paneli ili ipendeze machoni pa wapita njia. Kila shilingi yake ina mhasibu anayeilinda. Mvua inayonyesha Changoi ndiyo inayonyesha Sosiot. Ikiwa mawingu haya hayafai kwa sola, basi wahasibu wa chai wamelogwa.

Turudi nyuma zaidi. Sola za majumbani nchini Kenya hazikuanzia jangwani. Mwaka 1984, mhandisi Mmarekani Harold Burris na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, waliweka taa za sola katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, Meru. Soko lililofuata lilikua miongoni mwa wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nchi ya baridi, ukungu na mvua. Jangwani kulikuwa na jua. Milimani kulikuwa na jua la kutosha pamoja na malipo ya mazao. Hapa kwetu malipo ya chai yapo, bonasi ipo, na jua la kutosha lipo. Kinachokosekana ni kipimo.

Wanaotaka ushahidi wa mbali watazame Ujerumani. Sehemu kubwa ya Kenya hupata kati ya kilowati-saa 4 na 6 za nguvu za jua kwa kila mita mraba kwa siku. Ujerumani hupata karibu 3, na wakati wa kipupwe ni chini sana ya hapo. Hata hivyo, kufikia mwisho wa mwaka 2023 Wajerumani walikuwa wamefunga zaidi ya gigawati 80 za sola, ilhali mitambo yetu yote ya umeme, ya maji, mvuke, upepo na mafuta ikijumlishwa, ni kama gigawati 3 na kidogo. Hakuna Mjerumani anayesema sola ni ya Turkana.

Kisha kuna jambo ambalo wenye hukumu hulisikia kama kichekesho: baridi ya Kericho ni rafiki wa paneli. Paneli hutaka mwanga, haitaki joto. Kwa kila digrii inayozidi 25 kwenye ngozi yake, hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake. Paneli iliyofika digrii 65 chini ya jua la Lodwar imeshapoteza kama asilimia 16 kabla ya kufanya kazi yoyote. Ile ya Sosiot, yenye upepo wa mashamba ya chai chini yake, hupoteza kidogo kuliko hapo. Jua la Lodwar ni kali zaidi, ndiyo, lakini pengo si kubwa kama macho yanavyodai.

Na mvua ya Kericho ina saa zake. Kila mchuma chai anazijua. Asubuhi huwa nyeupe, umande unakauka, jua linatoka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria inapanda milima, mawingu yanajengeka baada ya adhuhuri, na kufikia saa tisa au saa kumi ngurumo zinaanza, mara nyingine na mvua ya mawe inayotoboa majani chai. Maana yake ni kwamba jua letu ni la asubuhi. Lakini tazama paneli za Sosiot zinavyoelekea. Nyingine zimefuata mabati kuelekea magharibi kwa sababu upande huo ulikuwa rahisi kupandia ngazi. Zinakaa asubuhi nzima zikisubiri jua la alasiri ambalo mawingu hulifunika. Nyingine zimeelekezwa kaskazini kwa ukaidi, kwa kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya Afrika Kusini. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kusini kidogo tu. Kaskazini na kusini hazitupi tofauti ya maana. Mashariki inatupa. Elekeza paneli mashariki, iinamishe digrii 10 hadi 15 ili mvua iioshe na kuvu isijikusanye kwenye ukingo wa chini, na utakuwa umeongeza chaji bila kununua chochote.

Halafu kata lile tawi. Grevilea na mikaratusi tuliyopanda kuzunguka boma hukua haraka kuliko kumbukumbu zetu. Fundi alipofunga paneli mti ulikuwa kimo cha mlango. Leo kivuli chake kinapita juu ya paneli kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, zile saa ambazo ndizo mshahara wetu wa siku. Na kivuli hakikati kwa kadiri ya ukubwa wake. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo tawi linalofunika seli chache linaweza kuzima theluthi nzima ya paneli au zaidi. Mtu anatazama juu, anaona paneli karibu yote inang'aa, anahitimisha kuwa betri ni feki.

Nikubali linalostahili kukubaliwa. Miezi ya Julai na Agosti kuna wiki ambazo jua halionekani sawasawa, na paneli hutoa nusu ya kawaida au pungufu ya hapo. Anayetegemea sola peke yake bila kuacha akiba ya paneli atalala gizani wiki hiyo. Lakini nyumba nyingi za Sosiot leo zina stima pia. Tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka 2015 nguzo zimepita hadi vijijini. Kwa nyumba kama hiyo swali la Agosti haliwi tena jua liko wapi. Linakuwa: mbona betri haikujazwa na stima wakati stima ilikuwepo? Nitalirudia hilo, kwa maana ndilo lenye aibu kubwa kuliko yote.

Sasa hukumu ya pili, ile ya betri kubwa. Hapa ndipo pesa za watu zinapotelea, na hapa sina upole.

Chukua nyumba ya kawaida. Taa tano za wati 7 zikiwaka saa tano ni wati-saa 175. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne ni 160. King'amuzi cha wati 15 kwa saa hizo hizo ni 60. Simu za watu wa nyumbani, tuseme 30. Ruta ya intaneti hula wati 10 tu, ndiyo maana hakuna anayeitaja, lakini huwaka mchana na usiku: 240. Jumla ni 665. Bado inverta yenyewe, inayohesabiwa kama mlango badala ya mlaji, ilhali hata ikiwa haina kazi hunywa kama wati 20. Iache imewaka saa 24, na imekunywa wati-saa 480, nyingi kuliko taa, televisheni na king'amuzi kwa pamoja. Nyumba sasa inataka 1,145 kwa siku.

Juu ya mabati kuna paneli ya wati 200. Kwa siku ya kawaida ya hapa tuseme inapata jua lililo sawa na saa nne kamili, yaani 800, kisha toa asilimia 30 inayopotea kwenye joto, waya, vumbi na mashine. Inabaki 560. Kinachoingia ni nusu ya kinachotoka. Betri ya amp-saa 100 inazimika saa mbili usiku, na mwenye nyumba anakwenda Kericho mjini kununua ya pili.

Ya pili itakula nini? Ukiongeza tangi hujaongeza mvua. Wati-saa 560 zile zile sasa zinagawanywa kwa betri mbili, na zote mbili zinashinda nusu tupu. Kwa betri ya asidi hilo ndilo jambo baya kuliko yote. Inapokaa siku nyingi bila kujaa, salfeti ya risasi inagandamana kwenye sahani zake na kuwa ngumu, na kila wiki inayopita sehemu fulani ya betri haitumiki tena. Betri mpya imefungwa pamoja na kuukuu, kuukuu inaivuta mpya chini, na baada ya msimu mmoja mwenye nyumba ana betri mbili mbovu na imani iliyothibitika kwamba betri zote ni feki. Kumbe zilikuwa halali. Zimeuawa nyumbani.

Angalia njia nyingine. Inverta izimwe televisheni ikizimwa. Taa na ruta ziendeshwe moja kwa moja kwa volti 12, jambo linalowezekana kwa kifaa kidogo cha bei ndogo. Ruta ilale watu wakilala. Mahitaji yanarudi 665. Ongeza paneli moja ya wati 100, ambayo ni nafuu kuliko hiyo betri ya pili, na kinachoingia kinafika 840. Nyumba hiyo hiyo, betri hiyo hiyo, mawingu hayo hayo.

Ataniuliza mtu: nitajuaje kama yangu ina njaa au imekufa kweli? Swali zuri, na jibu lake linahitaji mita ya kawaida ya fundi wa stima na uvumilivu wa siku moja. Pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Usisome kioo cha kidhibiti chaji. Asubuhi na mapema, kabla jua halijagusa paneli na kila kitu kikiwa kimezimwa kwa muda, betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 11.8 imelala njaa kabisa. Rudia saa sita mchana jua likiwa limeshika. Betri yenye njaa hupanda polepole: 12.6, 12.9, 13.2, na jioni inafika haijagusa 14.4 ambayo ndiyo dalili ya kushiba. Betri iliyokufa hufanya kinyume. Hupanda mbio hadi 14.4 kabla ya saa nne asubuhi, kidhibiti kinatangaza imejaa, na jioni ukiwasha televisheni tu inaporomoka hadi 11.5. Ilijaa haraka kwa sababu nafasi ndani yake imeisha.

Mienendo hii miwili haifanani hata kidogo, na ya kwanza hutibiwa bila kununua betri. Lakini malalamiko yake kwa mwenye nyumba ni yale yale, kwamba inazimika mapema, na fundi asiyepima hutoa tiba moja kwa yote.

Kwa ya kwanza, fuata chaji kutoka juu kwenda chini. Hapo kuna mtego unaowanasa hata wenye uzoefu. Fundi anapanda ngazi, anachomoa nyaya za paneli, anapima, anatangaza kwa ushindi: volti 21, paneli nzima. Hajapima kitu. Paneli isiyobebeshwa mzigo huonyesha volti karibu hizo hata chini ya wingu, hata ikiwa imechoka. Kinachojaza betri ni ampea, na ampea hupimwa mzigo ukiwepo, jua likiwepo. Paneli ya wati 100 ya volti 12 kwenye jua zuri inapaswa kutoa kama ampea 5. Ikitoa 2, tafuta kivuli, uchafu wa ndege, au kiungo kilicholegea na kuota kutu kwa mvua zetu.

Mtego wa pili uko kwenye kidhibiti chaji. Kuna aina ya bei nafuu iitwayo PWM na aina ghali iitwayo MPPT. Ya kwanza huiunganisha paneli na betri moja kwa moja, hivyo paneli inalazimika kufanya kazi kwa volti za betri. Mtu amenunua paneli kubwa ya wati 300, ile yenye volti 36 na ampea 8.3, kaiunganisha na kidhibiti cha PWM na betri ya volti 12. Anachopata ni ampea 8.3 mara volti 13, yaani wati 108. Wati karibu 190 alizolipia hazimfikii kamwe. Na madukani kuna vidhibiti vilivyoandikwa MPPT kwa herufi kubwa ambavyo ndani ni PWM. Ukitaka neno feki, liweke hapo, linakaa vizuri.

Waya ni mshukiwa wa tatu. Mita 3 za waya wa milimita 2.5 kutoka kidhibiti hadi betri, kwenda na kurudi mita 6, zikipitisha ampea 20 hupoteza karibu volti 0.9. Kidhibiti kinaona 14.4 na kuridhika. Betri inaona 13.5 na kubaki na njaa. Ndiyo maana nilisema upime kwenye vichwa vya betri. Tofauti ya namba hizo mbili ni ushahidi tosha, na tiba yake ni waya mnene na mfupi.

Na hapa baridi yetu, niliyoisifu juu, inadai malipo. Betri ya asidi ikiwa kwenye baridi hutaka volti za juu zaidi ili ishibe, takriban milivolti 20 hadi 30 kwa kila digrii chini ya 25. Chumba cha Sosiot chenye digrii 15 kinataka robo ya volti zaidi ya ile iliyowekwa kiwandani. Vidhibiti vizuri vina kihisi cha joto kinachofanya hesabu hiyo. Vya bei ya chini havina, vinachaji Sosiot kama vinavyochaji Mombasa. Si mawingu yanayozitofautisha nyanda za juu na pwani kwa betri. Ni robo ya volti ambayo hakuna aliyeiweka.

Nilisema nitairudia stima. Kuna wanaoamini kuwa inverta ya kisasa yenye sola, stima na betri pamoja hujipanga yenyewe. Haijipangi. Hutoka kiwandani na mpangilio ambao huenda haulingani na nyumba yako, na kuna nyumba ambazo betri imeamriwa ichajiwe na jua pekee. Wiki ya mvua inapita, stima iko, betri inanyong'onyea polepole mbele ya soketi iliyo hai, na siku stima inapopotea hakuna akiba. Mwenye nyumba analaumu wingu. Kosa liko kwenye menyu ya mashine, mstari mmoja, na kulirekebisha ni kubonyeza vitufe.

La ajabu zaidi ni nyumba inayotumia betri hadi kuimaliza ilhali kwa jirani kunawaka. Stima yetu ni ya volti 240 kwenye karatasi. Mwisho wa laini ndefu, jioni watu wote wakipika na kuoga, inaweza kushuka hadi 160. Inverta nyingi za aina hii zina mipangilio miwili ya kupokea stima: UPS, ambao hukataa chochote chini ya volti 170 hivi, na APL, ambao huvumilia hadi karibu 90. Ikiwa imewekwa kwenye UPS, inaikataa stima dhaifu, inahamia kwenye betri, na haichaji. Taa za jirani zinawaka kwa uchovu. Wewe unakula akiba bila kujua. Kabla ya kubadilisha mpangilio huo hakikisha friji na kompyuta zako zina kinga yake, maana stima dhaifu huua injini za friji. Lakini angalau ujue nani anakula betri yako.

Kosa linalofanana na hilo liko kwa waliofunga sola isiyo na betri, iliyounganishwa na gridi. Mnamo tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilizimika, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Ikazimika tena tarehe 11 Novemba na 10 Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2016 tumbili mmoja aliyeanguka juu ya transfoma huko Gitaru alitosha kuiangusha gridi yote. Kukatika kwa namna hiyo kulipotokea mchana, mashine za gridi zisizo na betri zilizima na jua likiwaka. Si hitilafu. Zimeundwa zizime gridi ikipotea ili fundi aliye juu ya nguzo asiuawe na umeme wa paa lako. Kwa sababu hiyo hiyo, anayechomeka inverta au jenereta kwenye soketi ya nyumba bila swichi ya kubadilishia anahatarisha uhai wa mtu asiyemjua. Hilo si la mjadala.

Wengine watasema mambo haya ni ya zamani, wao wameshanunua lithiamu. Hongera, ni betri bora: hudumu miaka mingi zaidi na haidhuriki kwa kukaa nusu. Lakini hata hiyo inatangazwa imekufa kabla ya wakati wake. Ndani yake kuna ubongo mdogo unaokata kila kitu betri ikikauka sana. Ukipima unaona sifuri. Kidhibiti chaji nacho kinataka kuona volti za betri kabla ya kuanza kuchaji. Kikiona sifuri kinanyamaza. Jua linawaka, paneli nzima, betri nzima, na hakuna kinachotembea. Betri imelala tu. Chaja yenye uwezo wa kuamsha lithiamu huifufua kwa dakika chache, na nyumba inarudi. Kumbuka pia kwamba volti za lithiamu hubaki karibu 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kwa hiyo jedwali la betri ya asidi nililolitoa juu halifai kwake. Pima kwa mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Swali la mwisho ni nani anayefaidika na hukumu ya mawingu. Muuzaji wa betri anafaidika, kwa kuwa wingu halirudishi bidhaa dukani. Fundi anafaidika, kwa kuwa wingu halina namba ya simu ya kulalamikia. Kanuni za sola za mwaka 2012 zinamtaka anayefunga sola awe na leseni, leo hutolewa na mamlaka ya EPRA kwa madaraja: T1 kwa mifumo midogo sana, T2 kwa ya kati, T3 kwa mikubwa na ile inayochanganya stima na betri. Nyumba yenye inverta, gridi na betri ni kazi ya T3. Muulize aliyekufungia yako ana daraja gani, kisha umtazame usoni.

Betri feki nazo zinatambulika bila ramli. Betri ya asidi ya amp-saa 100 ina risasi nyingi ndani. Uzito wake huwa kati ya kilo 25 na 30 hivi. Ikinyanyuliwa kwa mkono mmoja na mtoto wa darasa la nne, usiilipie. Ukishainunua na kuijaza, iwashie mzigo wa wati 60. Inapaswa kuubeba kama saa kumi kabla ya kufika nusu. Ikikata baada ya saa tatu irudishe dukani, ukiwa na namba zako mkononi, na hapo neno feki litakuwa na miguu.

Basi msomaji wa Sosiot, wa Kabianga, wa Litein na Kapsoit: stima ikipotea jioni hii na nyumba yako ikizimika mapema, usianze na duka. Andika volti za betri kesho asubuhi, saa sita na jioni, siku tatu mfululizo, na umsubiri fundi na karatasi hiyo. Mwombe apime ampea za paneli na tofauti ya volti kati ya kidhibiti na betri mbele ya macho yako, kisha akuonyeshe kwenye menyu ni wapi inverta imeruhusiwa kuchaji kwa stima. Akija bila mita, mpe chai, mshukuru kwa safari, na umwache aende zake.